Ndume ya Mitambo

Kazini kwetu Kitengela wananiita Injinia, na mimi sijawahi kumkatiza mtu akisema hivyo. Ukweli ni kwamba nina diploma, na hata hiyo niliipata baada ya kurudia somo moja ambalo sitalitaja. Jina langu ni Kuntai. Natunza kompyuta za maabara ya mifugo iliyo ghorofani pale mtaa wa Noonkopir, juu ya duka la dawa za ng'ombe. Kompyuta zenyewe si nyingi. Ukitoa ile ya mapokezi, ambayo kazi yake kubwa ni kucheza mahubiri, inabaki ya Daktari Mugure, mwenye maabara, na seva yangu, inayoishi ndani ya kabati pamoja na ufagio na ndoo.

Seva hiyo ndiyo inayohifadhi majibu ya vipimo. Ng'ombe wa wafugaji wakitolewa damu kwa tawi letu la Kajiado mjini, damu inaletwa Kitengela, Daktari anaipima, anaandika ripoti, na mimi naipanga ndani ya seva. Kule Kajiado dada mmoja anayeitwa Nzembi anaandika neno moja tu kwa kompyuta yake, "chukua," na ripoti zinasafiri zenyewe hadi kwake. Neno hilo nililitengeneza mimi. Nilimwambia Daktari kwamba kutumiana majibu kwa simu ni ushamba, na akanikubalia, pengine kwa sababu alikuwa amechoka kunisikiliza.

Basi Jumapili moja Nashipae alinipeleka kwao Kisaju nimsalimie baba yake. Nashipae ni mwalimu, na tuna mipango. Baba yake, Mzee Metito, ni mfugaji, mtu mrefu asiye na haraka na maneno. Nilimsalimia, "Sopa, Mzee." Akaitikia, "Epa." Kisha akaniangalia viatu kwa muda.

"Unafanya kazi gani, kijana?"

"Natunza seva, Mzee."

"Inakula nini?"

"Stima."

"Na inazaa?"

Nikasema haizai. Akamwangalia binti yake kama mtu anayeangalia lori lililokwama kwenye matope, kisha akaanza kuzungumza na mtu mwingine kuhusu mvua. Siku nzima hakunirudia.

Nilirudi kazini nikiwa na kidonda. Ijumaa ya wiki hiyo kazi ilikuwa kidogo, na mtu mwenye kidonda hafai kuachwa peke yake na kibodi.

Kuna jambo la kueleza hapa, na sitachukua muda. Ukiingia kwenye seva ya aina hii unaandika jina lako na neno la siri, halafu inaamka programu inayoitwa bash, ambayo kazi yake ni kupokea amri zako. Kabla haijakuruhusu kuandika chochote, bash husoma kwanza mafaili madogo yaliyofichwa kwenye folda yako, ambayo majina yake huanza na nukta. Ndani mna maagizo ya kuanzia siku: programu za huyu mtu ziko wapi, apewe rangi gani, na kadhalika. Watu wenye akili timamu huyaacha jinsi walivyoyakuta.

Mimi nilitaka salamu. Nilitaka kila asubuhi nikiingia, seva initambue. Nikasoma mahali fulani kwamba faili la kuwekwa salamu linaitwa .bash_profile. Kwangu halikuwepo, kwa hivyo nikalitengeneza, nikaandika kwa herufi kubwa:

KARIBU INJINIA KUNTAI, NDUME YA MITAMBO, KITENGELA HADI NAMANGA.

Chini yake nikachora ndume kwa mikwaju, nukta na sifuri. Alitoka kama mbuzi mwenye mafua, lakini pembe zilikuwa nzuri. Nikatoka, nikaingia tena. Salamu ikaja, ndume akaja. Nikatoka na kuingia mara nyingi kuliko inavyompendeza mtu mzima kukiri.

Jumatatu asubuhi nikaingia, nikakaribishwa, nikaandika "panga," programu yangu ndogo ya kupanga ripoti. Seva ikanijibu kwamba haijui neno kama hilo. Nikaandika tena, polepole, kama mtu anayemsemesha mgeni. Haijui. Hata rangi zilikuwa zimepotea, kila kitu ni kijivu.

Sikufikiria ile salamu hata kidogo. Nilimwendea Daktari Mugure nikiwa na uso wa msiba.

"Daktari, nafikiri tumeingiliwa."

"Na nani?"

"Wadukuzi. Wamefuta programu zangu. Hawa ni watu wa kazi safi, si wanafunzi."

Daktari ni mama wa vitendo. Aliinuka akaenda kwenye kabati, akasogeza ufagio na kuchomoa waya wa intaneti kwa mkono wake mwenyewe. Siku hiyo maabara nzima ilikaa bila mtandao, na hata mahubiri ya mapokezi yalikatika katikati ya Wafilipi.

Nilikaa sakafuni mbele ya kabati nikisoma maelezo ya bash, na kufikia saa za chakula nikawa nimeelewa. Mtu akiingia kwa seva, bash hutafuta faili lake kwa majina matatu, kwa mpangilio: kwanza .bash_profile, halafu .bash_login, halafu .profile. Likipatikana moja, linasomwa hilo, na mengine hayaguswi. Maagizo yangu yote ya zamani, pamoja na lile la kuonyesha programu zangu ziko wapi, yalikuwa ndani ya .profile. Miaka yote lilikuwa linasomwa kwa sababu yale mengine mawili hayakuwepo. Mimi kwa mkono wangu nilikuwa nimeweka mbele yake faili jipya lenye salamu na mbuzi. Bash ilisoma salamu, ikaridhika na kufunga shughuli. Programu hazikuwa zimefutwa. Zilikuwa palepale, ila hakuna aliyeiambia seva ziko wapi.

Nikafuta .bash_profile. Kila kitu kikarudi, hata rangi.

"Imekuwa sawa?" Daktari akauliza.

"Imekuwa sawa."

"Umewafukuza?"

Sikusema nimewafukuza. Sikusema pia kwamba hawakuwepo. Nilisema tu kwamba hawatarudi, jambo ambalo lilikuwa kweli, na Daktari akaagiza chai na mandazi kwa ajili yangu. Nilikula nikiangalia dirishani.

Mtu mwingine hapo angeachana na salamu. Lakini nilikuwa nimeshaizoea, na ile asubuhi ya Jumanne, kuingia kwenye seva iliyonyamaza kulinifanya nijisikie kama nimekosea nyumba. Nikakumbuka faili jingine, linaloitwa .bashrc. Mojawapo ya yale matatu husomwa mtu akiingia. Hili la .bashrc husomwa kila ukifungua dirisha jipya la amri ukiwa tayari ndani, na kwangu lilikuwa pia linaitwa na .profile wakati wa kuingia. Yaani ningekaribishwa asubuhi na ningekaribishwa mchana kutwa. Nikalifungua.

Juu kabisa palikuwa na mistari michache iliyoandikwa na wale waliotengeneza mfumo wenyewe. Ilisema hivi: kama hakuna binadamu kwenye kibodi, ishia hapa, usiendelee kusoma. Niliiona. Niliisoma hadi mwisho. Nikafikiri, hiyo ni mambo yao. Salamu ya ndume haiwezi kukaa chini ya mistari ya watu wengine, kwa hivyo nikaiweka juu yake, mstari wa kwanza kabisa wa faili.

Sasa, wiki hiyohiyo Mzee Metito alikuwa amepata ndume mpya kutoka kwa rafiki yake anayefuga nje kidogo ya Kajiado mjini. Alimpenda sana, Nashipae aliniambia, alikuwa anamtaja mezani kuliko watoto wake. Lakini miaka ya nyuma ugonjwa wa kutupa mimba uliwahi kupita katika boma lake, na tangu wakati huo Mzee hakubali mnyama mgeni aguse ng'ombe wake kabla ya kupimwa. Damu ya ndume ilitolewa na tawi letu la Kajiado. Jumatano Mzee akaenda pale kuchukua jibu. Lori lilikuwa nje, na ndume alikuwa ameshapandishwa akisubiri kujua anaelekea wapi, Kisaju au kurudi alikotoka.

Mimi nilijua jibu lilikuwa tayari, nililipanga mwenyewe asubuhi. Nilikaa nikingoja simu, nikifikiria jinsi Mzee atakavyoona neno moja likiandikwa na ripoti ikitokea kwenye skrini kutoka Kitengela. Nilifikiria hata uso atakaokuwa nao.

Simu ikalia. Ilikuwa Nzembi.

"Kuntai, hii kitu haileti ripoti."

"Umeandika chukua?"

"Nimeandika."

"Inasema nini?"

Akashusha sauti. "Niko na Mzee Metito hapa, nimeweka simu kwa spika ndio asikie pia."

"Sawa tu. Soma chenye iko kwa skrini."

"Nisome?"

"Soma, Nzembi. Siwezi kusaidia kama sijui inasema nini."

"Inasema kitu kuhusu ndume," akasema.

Nikasikia sauti ya Mzee ikikaribia simu. "Ndume yangu? Inasema nini kuhusu ndume?"

"Inasema," Nzembi akasoma, na ni mtu ambaye husoma vizuri, kwa sauti ya kanisani, "Karibu Injinia Kuntai, ndume ya mitambo, Kitengela hadi Namanga."

Kwa mbali ndume halisi alilia mle kwenye lori.

"Mama," Mzee akamwambia Nzembi kwa upole, "mimi sikuuliza huyo. Nauliza yangu."

Nikafanya jambo ambalo watu wa kazi yangu hufanya wakikosa la kufanya. "Nzembi, hiyo ni network ya Kajiado. Zima kompyuta, halafu uwashe."

Akazima. Tukangoja sote, mimi, Nzembi, Mzee na dereva wa lori ambaye sasa alikuwa ameingia ndani kusikiliza. Ikawaka. Akaandika neno lake.

"Imekukaribisha tena," akasema.

Daktari Mugure alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini. Alirudi mezani kwake, akaitoa ripoti ya karatasi yenye sahihi na mhuri, akaipiga picha kwa simu yake na kumtumia Nzembi. Ilimchukua muda mfupi kuliko mimi kumeza mate. Kwenye spika nikasikia simu ya Nzembi ikilia, kisha Nzembi akisoma: damu ya ndume ni safi, hana ugonjwa wowote kati ya yaliyopimwa.

"Aii, Mungu ni mwema," Mzee akasema. Nikamsikia akiinuka na kuchukua fimbo yake. Halafu akarudi kwenye simu. "Injinia."

"Naam, Mzee."

"Asante kwa kunikaribisha."

Lori likaondoka.

Daktari akavuta kiti, akaketi kando yangu, akatoa miwani akaifuta, akaivaa tena. "Haya," akasema. "Nionyeshe huyo ndume."

"Daktari, kuna ripoti zingine za mbuzi zimekwama, acha nitengeneze kwanza hizo."

"Tunatengeneza pamoja. Nionyeshe."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Na kusema kweli bado nilikuwa sijaelewa kwa nini salamu yangu ilikuwa imefika Kajiado. Niliandika salamu ya mtu anayekaa kwenye kibodi. Nzembi hakuwa kwenye kibodi yangu. Nilipoanza kumwelezea Daktari kwa sauti ndipo nilipojisikia nikisema jibu. Nzembi akiandika "chukua," kompyuta yake inabisha hodi kwenye seva kwa jina langu, kwa sababu kwa uvivu niliitumia akaunti yangu kwa kila kitu. Seva inaamsha bash. Bash inasoma .bashrc hata kama hakuna binadamu, na hapo ndipo ile mistari ya juu ilipaswa kuisimamisha kimya. Lakini kabla haijaifikia mistari hiyo inakutana na mimi. Kwa hivyo kompyuta ya Kajiado, ambayo ilitarajia faili la ripoti, inaletewa sifa zangu na mbuzi mwenye pembe. Haielewi, inaonyesha ilichopokea, na inakata.

"Una uhakika?" Daktari akauliza.

"Kuna njia ya kujua."

Kuna amri moja ambayo haifanyi kitu chochote. Ukiituma kwa seva isiyo na kasoro, inatakiwa kunyamaza, na ukimya huo ndio afya yake. Nikampigia Nzembi, nikamtajia herufi za amri hiyo, akaituma kutoka Kajiado. Tukangoja.

"Injinia Kuntai," Nzembi akaanza, "ndume ya—"

"Tosha, Nzembi. Asante."

Daktari Mugure alicheka hadi akainamia meza. Alicheka kama mtu ambaye hajacheka tangu mwaka uanze, na kila alipotaka kunyamaza alimwangalia yule mbuzi kwenye skrini akaanza upya. Halafu akanyamaza ghafla.

"Kuntai."

"Daktari."

"Wale wadukuzi wa Jumatatu."

Niliangalia ufagio. "Walikuwa mimi."

"Na nikakununulia mandazi."

"Yalikuwa matamu, Daktari."

Nilifikiri atanifukuza. Badala yake alinyoosha kidole kwenye skrini akaniambia nifute, yeye akiangalia. Nikafuta mstari mmoja mmoja, salamu kwanza, halafu kwato, tumbo, na pembe mwishoni kwa sababu nilizionea huruma. Kisha akanifanya nitengeneze akaunti ya pembeni kwa kazi ya Nzembi peke yake, isiyo na jina la mtu. Nzembi akaandika neno lake, na ripoti za mbuzi, za kondoo na za ng'ombe wa watu wote wa tangu Jumanne zikaenda bila kumsalimia mtu.

Jioni nilimpigia Nashipae kumwambia mipango yetu imeisha. Nilimweleza yote. Alisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ni wewe umefanya Baba acheke?"

"Alicheka?"

"Dereva ameniambia lori lilisimama pale kabla ya Isinya, wakafikiri Baba ni mgonjwa. Kumbe anacheka. Kuntai, Baba hachekangi. Mama amenipigia kuuliza kama ako sawa."

Jumapili nikaenda Kisaju, kwa sababu Nashipae alisema nisipoenda atanileta kwa kamba. Nilikuta wajomba wawili zaidi wameketi na Mzee, na nikajua wamekuja kuniona. Ndume mpya alikuwa nje, mkubwa, wa rangi ya kahawia, akila bila kumjali mtu. Tulipomaliza salamu, Mzee akaniwekea kiti karibu na chake. Mara ya kwanza nilikuwa nimekaa upande wa mlango.

"Hiyo kitu yako," akasema, "inapoamka, inajuaje itafanya nini?"

Nikatafuta maneno makubwa, nikayakosa, nikasema tu: "Inasoma chenye mtu aliiandikia, Mzee. Kama aliandika upuzi, inasoma upuzi."

"Haiwezi kukataa?"

"Haiwezi."

Akafikiria hilo kwa muda mrefu, wajomba pia wakafikiria. "Basi si mbaya," akasema mwishowe. "Iko tu na bahati mbaya." Sikuuliza ni bahati gani, kwa sababu alikuwa ananiangalia mimi.

Kisha akatoa simu yake mfukoni, akanipa. "Sasa nisaidie. Hii inatajanga watu. Mtu akinipigia, inasema jina yake kwa sauti. Juzi kanisani imesema, 'Meitamei Muongo.' Na bibi ya Meitamei ako benchi ya mbele."

Moyo wangu ulifunguka. Kitu kidogo kama hicho, mbele ya wajomba, mbele ya Nashipae, mwenye diploma nikishindwa nitakuwa mtu gani? Nikaishika ile simu kwa mikono miwili. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabonyeza, nikatoka, nikaingia kwingine. Herufi zikawa kubwa kama za bango la mkutano. Nikabonyeza tena. Skrini ikawa nyeusi kwa nyeupe. Nikabonyeza tena, kwa ujasiri zaidi, na simu ikaanza kuongea Kifaransa.

Mjomba mmoja akakohoa. Nashipae alipita na birika, akaichukua simu mkononi mwangu bila kusimama vizuri, akagusa hapa na pale kwa kidole gumba, akamrudishia baba yake, akaendelea kumimina chai.

Mzee Metito akaijaribu, ikanyamaza. Akaiweka mfukoni, akaniangalia kwa muda, akainuka na fimbo yake.

"Ndama unajua kushika?"

"Kidogo, Mzee," nikasema, na hilo pia halikuwa kweli kabisa.

"Njoo," akasema, na tukatoka.